Fishi iliyoungua, hakuna mashine itakayoisoma

Jambo ninalolileta leo halina milio ya risasi. Ni jambo la karatasi. Lakini ni karatasi zinazosema nani anaumwa nini, nani alitendewa nini, na nani alitoka kijiji gani. Kwa hiyo naomba munifuate mpaka mwisho.

Wiki mbili zilizopita niliitwa hapa Goma kwenye mkutano wa shirika moja. Sitalitaja jina, kwa sababu siku hizi wanaozungumza hivyo ni wengi na kosa si la mmoja. Kulikuwa soda, sambusa, na kijana mwenye ordinateri na picha kubwa ukutani. Alitueleza kwamba akili bandia itamaliza shida ya fishi za wagonjwa katika Kivu. Unapiga picha ukurasa wa rejista ya kituo cha afya, unaipa mashine, na kwa sekunde chache inakupangia kila kitu: jina, umri, ugonjwa, dawa. Kisha inakuonyesha kwenye ramani ni wapi kolera inaanza, ni wapi watoto wanakosa chakula. Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Karibu yangu alikuwa ameketi mama mmoja muuguzi, yule tunayemuita IT, mkuu wa kituo cha afya. Ukurasa uliokuwa ukutani ulitoka kwenye rejista yake mwenyewe. Aliutazama muda mrefu, halafu akainua mkono. Akasema: "Mstari wa saba, umri sikuuandika. Ninyi mumeweka miaka 24. Na pale penye ugonjwa mvua ilifuta. Ninyi mumeandika malaria. Huyo mama hakuwa na malaria. Alikuwa anatoka damu, nilimtuma hospitali kubwa usiku juu ya moto."

Kijana hakukataa. Alieleza kwa adabu kwamba mashine ilikisia. Iliona wengi kwenye ukurasa ule wana malaria na wana umri wa namna ile, ikajaza. "Tutarekebisha," akasema. Mkutano ukaendelea, na watu wakarudi kwenye sambusa.

Mimi sikuweza kurudi kwenye sambusa, na ndiyo sababu naandika.

Tuseme ukweli kwanza, ili mtu asije kusema mwandishi huyu anachukia mambo mapya. Karatasi zetu ni ovyo. Muuguzi mmoja anapokea wagonjwa wengi kwa siku, anaandika kwa biki iliyokauka, halafu mwisho wa mwezi analala usiku akihesabu mistari ili apeleke ripoti kwenye ofisi kuu ya eneo la afya. Huko ndiko wanaingiza hesabu ndani ya programu ya DHIS2, ile iliyoanzia Afrika Kusini miaka ya 1990 na inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, kule Norvege. Nchi yetu ina maeneo ya afya 519, na Kivu ya Kaskazini peke yake ina 34. Fikirieni karatasi hizo zote. Kama mashine inaweza kumpunguzia muuguzi kuhesabu usiku, nani atakataa?

Tena kuko kazi ambazo mashine hizi zinafanya vizuri. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linakubali programu zisome picha za kifua ili kutafuta kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Mashine inasema "huyu apimwe zaidi", kisha makohozi yanapimwa na mganga anaamua. Hiyo ni kazi yenye mipaka, na matokeo yake yanahakikishwa. Sina neno.

Neno langu ni kwa wale wanaotaka kuanza na mashine mahali ambapo fishi yenyewe haiko.

Mama yangu mdogo ana tansio. Alikimbia kutoka Masisi akafika kwenye kambi moja upande wa magharibi wa Goma. Fishi yake ya kwanza ilibaki nyumbani, na nyumba iliungua. Kwenye kambi wakamfungulia fishi mpya, wakampa dawa, akaanza kupata nafuu. Mwezi wa pili mwaka 2025 kambi zile zilivunjwa, munajua wenyewe namna ilivyokuwa: siku chache, watu kubeba hema na masufuria, kila mtu na njia yake. Kituo kidogo cha afya kiliondoka pamoja na kambi. Fishi zilipelekwa wapi? Niliuliza sehemu tatu, nikajibiwa majibu matatu. Aliporudi kijijini akafunguliwa fishi ya tatu. Muuguzi wa huko hakujua dawa gani alikuwa anakunywa, akampa nyingine, tena kidogo. Leo mkono wake wa kuume na mguu wa kuume havifanyi kazi. Anaongea kwa shida.

Sasa niambieni: mashine ingemsaidia wapi? Haikukosekana akili ya kusoma fishi. Ilikosekana fishi. Kama angekuwa na kaye yake mwenyewe ndani ya mfuko wa plastiki, imeandikwa dawa na vipimo, muuguzi wa tatu angeendelea mahali ambapo wa pili aliishia. Kaye hiyo haihitaji rezo wala batiri.

Hilo ni jambo la kwanza. La pili ni hili: mashine inasoma yaliyoandikwa, na kwetu wagonjwa wengi hawaandikwi popote. Mama mwenye mtoto mwenye homa na asiye na franga ya kulipa fishi haendi kituoni. Anaenda kwenye famasi ndogo ya barabarani, ananunua vidonge vinne, anarudi. Mwingine anaogopa kuzuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni. Mwingine yuko ng'ambo ya mlima ambako njia imefungwa. Wote hao, kwenye rejista, hawaumwi. Mashine ikitazama rejista itasema: huku kuko utulivu, dawa zipelekwe kule kwenye wagonjwa wengi. Na "kule kwenye wagonjwa wengi" ni kule ambako barabara ni nzuri na watu wana franga ya kulipa.

Musidhani ninatunga. Marekani, nchi yenye ordinateri na madaktari wote hao, ilifanya kosa lile lile. Mwaka 2019 wachunguzi waliandika ndani ya gazeti la kisayansi la Science kuhusu programu iliyokuwa ikitumiwa na mahospitali makubwa kuchagua wagonjwa wa kusaidiwa zaidi. Programu ilipima ugonjwa kwa kutazama franga iliyotumika kumtibu mtu. Kwa kuwa watu weusi walikuwa wametumiwa franga kidogo kuliko wazungu wenye ugonjwa sawa, mashine ikahesabu kwamba hawaumwi sana, ikawarudisha nyuma kwenye orodha. Hakuna aliyeiambia ibague. Ilisoma tu hesabu ilizopewa. Kama hiyo ilitokea huko, ni nini kitatokea Walikale, au kwenye milima ya Masisi, ambako hesabu zenyewe zina mashimo kama ndizi iliyoliwa na wadudu?

La tatu, majina. Mutu wa Butembo au Beni ananielewa mara moja. Kwa Wanande mtoto anapata jina kwa kufuata nafasi aliyozaliwa. Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka ni wa tatu. Ita Kambale sokoni uone wanaume wangapi watageuka. Tia juu yake kwamba wengi wetu hatuna cheti cha kuzaliwa, na umri tunausema kwa kukisia: "Alizaliwa mwaka ule volkano ililipuka." Nyiragongo ililipuka 2002 na tena 2021, na anayeandika asipouliza ni mwaka upi, mtoto anakuwa mtu mzima. Tia tena kwamba jina moja, muuguzi huyu analiandika kwa K, yule kwa C.

Sasa mashine inaambiwa iunganishe fishi za mtu mmoja zilizotawanyika kwenye vituo vitano. Itamchukua Kambale huyu na Kambale yule, umri karibu sawa, eneo moja, itawafanya mtu mmoja. Mmoja anakunywa dawa za virusi vya ukimwi, mwingine hapana. Nani atamweleza bibi wa yule wa pili pale muuguzi atakapomuuliza juu ya dawa ambazo bwana wake hajawahi kumeza? Mutu anayejua watu wake, yule reko anayepita nyumba kwa nyumba, hawezi kuchanganya hao wawili. Anamjua huyu ni wa kwa mama fulani, yule ni fundi wa baiskeli. Lakini kwenye mkutano ule wa soda na sambusa, hakuna reko hata mmoja aliyealikwa.

La nne ndilo linaloninyima usingizi. Hapa kwetu orodha ya majina ni orodha ya makabila. Jina linasema wewe ni nani, kijiji kinasema ulikuwa upande gani, tarehe ya kufika inasema ulikimbia nani. Fishi ya mgonjwa ina vyote vitatu. Na kuko fishi zinazobeba zaidi: mwanamke aliyebakwa, akafika kituoni ndani ya saa 72 ili apate dawa za kumkinga na virusi, akaeleza mahali, siku, na mavazi ya waliomtenda. Alisema hayo kwa muuguzi mmoja, mlango umefungwa. Hakuyasema kwa mashine. Hakuyasema kwa ordinateri iliyo nchi nyingine.

Karatasi inaweza kuungua, ni kweli, na nimelia juu ya hilo. Lakini karatasi iliyo kwenye sanduku la kituo kimoja inaibwa na mtu aliyefika kwenye kituo hicho. Fishi za vituo mia zikiwekwa pamoja, mwizi mmoja anachukua zote bila kutoka kitini. Mwaka 2022, mwezi wa kwanza, Msalaba Mwekundu wa kimataifa, CICR, walitangaza kwamba wezi wa intaneti waliingia kwenye habari za watu zaidi ya 515,000. Walikuwa watu gani? Waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita na kuhama, waliopotea, wafungwa. Watu kama sisi. Na CICR si watu wa mchezo katika kulinda siri. Kama waliingiliwa wao, shirika dogo lenye mradi wa miezi sita litajilinda namna gani?

Kuko mfano mwingine. Mwaka 2021 Human Rights Watch walisema kwamba habari ambazo wakimbizi Warohingya waliandikisha Bangladesh, kwa kazi ya shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, zilifika mikononi mwa serikali ya Myanmar, ile ile waliyoikimbia, na kwamba wengi hawakueleweshwa. Shirika la wakimbizi lilikana kwamba lilikosea. Mimi si hakimu wao. Nasema hivi tu: aliyekimbia ana haki ya kujua jina lake litafika wapi, kabla ya kulitoa.

Najua jibu nitakalopewa, maana nilipewa siku ile ile. "Bwana mwandishi, kumbuka Ebola. Bila habari za haraka watu wanakufa." Naikumbuka. Nilikuwa kwenye kazi hii. Ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ikamalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Hatukukosa orodha wakati ule. Kila mgonjwa alikuwa na orodha ya waliomgusa, wafuatwe siku 21. Tulikosa imani. Watu walificha wagonjwa, walitoa majina ya uongo, walihama usiku. Mwezi wa pili 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mashine yenye akili kuliko zote, ukiipa orodha ya majina ya uongo, itakupangia uongo vizuri kwa alfabeti. Kilichosaidia ni wakati wenyeji walipoanza kuongea na wenyeji, kwa lugha yao, na mtu aliyepona kusimama mbele ya kanisa na kusema "mimi hapa".

Na lugha yenyewe? Mama anasema: "Moyo unaruka, kichwa kinazunguka, usiku nasikia kama maji kifuani." Anasema kwa Kihunde, au Kinande, au Kinyarwanda, au Kiswahili chetu cha hapa. Muuguzi anageuza kwa Kifaransa na kuandika neno moja, kwa sababu mstari ni mfupi. Mashine inapokea neno hilo moja, na mengine yote yamebaki hewani. Halafu tunaambiwa mashine "inamjua mgonjwa".

Basi tunataka nini? Sitaki kulalamika bila kusema. Haya ndiyo ninayoomba yawekwe mezani kabla ya picha moja zaidi ya rejista kupigwa.

Kwanza, kaye ya mgonjwa mkononi mwa mgonjwa. Kila mtu mzima mwenye ugonjwa wa kudumu, kila mama mjamzito, kila mtoto, awe na karatasi yake ndani ya plastiki, imeandikwa kwa herufi zinazosomeka. Bei ya ordinateri moja inalipa kaye nyingi.

Pili, mwenye fishi aulizwe kwa lugha yake, na akikataa asipoteze dawa, unga wala jeto ya msaada. Ruhusa inayoombwa kwa mtu mwenye njaa huku msaada uko nyuma ya meza si ruhusa.

Tatu, jina, kijiji na kabila vibaki kituoni. Anayetaka kujua kolera inaanzia wapi anahitaji hesabu, hahitaji kujua mimi ni mtoto wa nani. Na fishi za waliobakwa na za wenye virusi zisiingie kabisa.

Nne, shimo libaki shimo. Mahali ambapo muuguzi hakuandika, mashine iandike "haikuandikwa". Isijaze. Na muuguzi wa kituo atie sahihi yake kabla ya jambo lolote kuitwa kweli. Miaka 24 isiyo ya mtu yeyote inaweza kumfanya mtu apewe dawa isiyo yake.

Tano, matokeo yarudi. Tumechoka kuhesabiwa na watu wanaoondoka na hesabu. Kama mashine imeona jambo kwenye rejista ya mama yule IT, yeye awe wa kwanza kuambiwa, si wa mwisho kulisoma kwenye ripoti ya Ulaya.

Sita, awepo mtu wa kubisha mlango wake. Nchi yetu ina sheria: ile ya mambo ya kidijitali, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inayolinda habari za mtu. Ina pia sheria ya afya ya umma, namba 18/035 ya mwaka 2018. Lakini sheria iliyo kwenye karatasi Kinshasa haimsaidii mama wa Masisi kama hajui aende kwa nani siku fishi yake imekosewa au imeuzwa. Shirika linaloleta mashine liandike jina la mtu na mahali alipo, libandike mlangoni pa kituo.

Kwa ninyi wazazi, musingoje mikutano. Leo, chukua kadi ya chanjo ya mtoto, kadi ya mimba, karatasi ya dawa, weka ndani ya plastiki, uiweke mahali unapoweka kitambulisho, kwa sababu siku ya kukimbia hakuna nafasi ya kutafuta. Kama kuko simu nyumbani, piga picha na ubaki nayo wewe. Mtu akija kupiga picha fishi yako, muulize maswali matatu: inaenda wapi, nani ataiona, na nikikataa itakuwaje? Asiyeweza kujibu, aende kwanza akaulize waliomtuma.

Nilipotoka kwenye mkutano nilimsindikiza yule IT mpaka kwenye kituo cha motari. Nilimuuliza kama yule mama wa mstari wa saba aliishi. Akasema aliishi, na mtoto naye. Nikamuuliza alijuaje, kwa kuwa rejista haisemi. Akacheka kidogo. "Nilikwenda kumuona," akasema. Kisha akapanda moto, rejista yake kwapani, ameifunga ndani ya kipande cha hema.